Sonona na Jamaa Zake: Uhakiki wa Istilahi za Zahanati

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika kurasa hizi zikikosewa, hasara yake huwa ni ya karatasi: barua hurudishwa, kitabu hupigwa chapa upya, nasi tukaendelea na kazi. Zipo chache ambazo kosa lake humwangukia mtu. Miongoni mwa hizo ni istilahi za maradhi yanayomlemea mtu nafsi pasipo kumwondolea akili zake, yaani maradhi ambayo Tanzania imezoea kuyaandika kwa jina la sonona, pamoja na yale yanayofanana nayo. Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi hizo, si kwa kipimo cha kamusi peke yake, bali kwa kipimo cha chumba cha tabibu: je, neno hili likitamkwa mbele ya mgonjwa, linamfungua kinywa au linamfumba?

Yafaa kwanza tueleze kwa nini tunataja zahanati na si hospitali kubwa. Tangu Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978, afya ya msingi imehesabiwa kuwa ndiyo mlango wa tiba kwa watu walio wengi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuziba pengo la huduma ya afya ya akili, na mwaka 2010 likatoa mwongozo kwa watumishi wa afya wasio mabingwa wa fani hiyo. Toleo la pili la mwongozo huo lilitoka mwaka 2016. Maana yake ni kwamba kazi ya kutambua sonona imewekwa mikononi mwa tabibu na muuguzi wa kawaida, ambaye mbele ya mlango wake pana foleni ya watoto wenye homa na akina mama wajawazito.

Mgonjwa wa sonona naye yumo katika foleni hiyo, lakini hasemi kwamba ana sonona. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, moyo unamwenda mbio, usingizi haupati, chakula hakina ladha. Atapimwa malaria, atapewa dawa ya maumivu, na baada ya juma moja atarudi na maneno yale yale. Hapana chombo cha kioo wala cha chuma kitakachoionyesha sonona. Chombo kilichopo ni lugha, na kwa hiyo mfasiri wa hojaji au wa mwongozo ni mshirika wa tabibu, apende asipende.

MAJINA MATANO

Katika maandishi ya afya ya Kiswahili tumekuta majina matano yakishindania nafasi moja: huzuni, msongo wa mawazo, mfadhaiko, unyogovu na sonona. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Huzuni ni neno la kila mtu, na hilo ndilo jema lake na ndilo baya lake. Mfiwa ana huzuni, na huzuni hiyo ni haki yake. Hakuna tabibu mwenye busara atakayemwandikia dawa. Zaidi ya hayo, wapo wagonjwa wa sonona wasioona huzuni hata kidogo. Wanachokiona ni ganzi: mtoto anacheka mbele yao nao hawasikii kitu. Mwongozo wenyewe unahesabu dalili kuu kuwa ni mbili, moyo kuinama au kupotea kwa raha na hamu ya mambo, na mojawapo yatosha kumtia tabibu shaka, ikiwa imedumu kwa muda usiopungua majuma mawili. Tukiuita ugonjwa huu huzuni, tunawaingiza wasiohusika na kuwaacha nje wanaohusika.

Msongo wa mawazo ni istilahi iliyoenea upesi, kwa sababu imejengwa juu ya usemi ambao watu tayari walikuwa nao. Mtu akisema "nina mawazo" hakuna anayemwuliza ni mawazo gani. Lakini asili yake ni kitenzi songa, yaani kubana, na kwa hiyo inataja mzigo unaombana mtu kutoka nje: deni, mtihani, ugomvi wa nyumbani. Haitaji hali ya yule aliyebanwa. Madhara ya kuichanganya na sonona ni ya wazi. Anayeambiwa ana msongo huambiwa pia apunguze mawazo, na asipoweza kuyapunguza huonekana amekataa kupona. Naye ambaye maisha yake hayana mzigo wowote unaoonekana huambiwa hana sababu ya kuugua.

Mfadhaiko hukutwa katika maandishi ya Kenya. Ni neno la Kiswahili safi, lakini kufadhaika ni kuhangaika na kupotewa na utulivu. Linafaa zaidi kwa mtu aliyeshtushwa na habari kuliko kwa mtu ambaye mwendo wake na usemi wake vimepungua kasi. Wagonjwa wa namna zote mbili wapo, ila jina la ugonjwa lisiegemee upande mmoja.

Unyogovu ni neno ambalo siku hizi linaongezeka katika maandishi, nasi tunalionea mashaka kwa sababu moja ya sarufi. Mswahili anakijua kitenzi nyong'onyea, na kutokana nacho anapata unyong'onyevu, yaani ulegevu wa mwili. Unyogovu haumpeleki kwenye kitenzi chochote anachokitumia. Jina lisilo na kitenzi ni zito kwa ugonjwa huu, kwa sababu mgonjwa haji na jina. Anakuja na kitenzi. Anasema kinachomtokea.

Ndipo tunafika kwa sonona. Ubora wake ni ule tuliokwisha kuutaja: nyuma yake pana jamaa nzima ya maneno hai. Kitu humsonona mtu, mtu husononeka, habari humsononesha. Maana ya maumivu ya ndani imo tangu asili, na mtu asiyesoma akielezwa mara moja haisahau. Kwa hiyo tunaiunga mkono istilahi hii.

Hata hivyo, mhakiki asiyetaja kasoro ya anachokiunga mkono hajahakiki. Kutokana na shina hilo hilo Kiswahili kimepata neno kisonono, ambalo ni ugonjwa wa zinaa, na jina lake limetokana na maumivu ya kwenda haja ndogo. Tofauti kati ya "una sonona" na "una kisonono" ni silabi moja mwanzoni na irabu moja mwishoni. Katika chumba chenye kelele, kwa mama aliyekuja na mumewe, tofauti hiyo ni ndogo mno. Hatusemi kwamba istilahi itupwe kwa ajili hiyo. Tunasema kwamba isitamkwe peke yake. Tabibu na aseme kwanza maelezo, ndipo ataje jina. Naye mwandishi wa bango la ukutani na aandike "ugonjwa wa sonona", akifuatisha dalili zake, wala asiliache neno hilo likining'inia peke yake juu ya mlango.

Kabla ya kuyaacha majina, neno moja kuhusu "ugonjwa wa akili". Katika Kiswahili akili ni kipawa cha kupambanua na kuelewa, na aliyepungukiwa nacho huitwa mwendawazimu. Mgonjwa wa sonona anajua kwamba anapambanua vizuri. Kinachomuuma anakiweka moyoni au rohoni. Akiambiwa kwamba ana ugonjwa wa akili atajitetea, na anayejitetea haelezi dalili. "Afya ya akili" imekwisha kuwa jina la fani na la idara, na hatuoni faida ya kulipinga. Lakini mbele ya mgonjwa, siku ya kwanza, halina kazi.

MASWALI TISA

Hojaji inayotumika sana kupima sonona katika afya ya msingi ni ile ya maswali tisa ijulikanayo kwa herufi PHQ-9, iliyotangazwa mwaka 2001. Kila swali huhusu majuma mawili yaliyopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 27, na mara nyingi alama 10 huchukuliwa kuwa ndio mpaka wa kumchunguza mtu zaidi. Imepimwa kwa Kiswahili Kenya na Tanzania, na hatuna ugomvi na hesabu zake. Tunayotaka kuyaonyesha ni mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno huharibu hesabu hizo bila mtu kujua.

Mtego wa kwanza haumo katika maswali, umo katika majibu. Mojawapo ya majibu manne hutaka kusema kwamba dalili ilikuwapo katika siku zilizo zaidi ya nusu ya muda ule. Mfasiri akiandika "zaidi ya nusu ya siku", amesema jambo jingine kabisa: kwamba dalili hudumu tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Mkulima anayeamka na moyo mzito kila siku, ukampungukia saa nne, atajibu kwamba si zaidi ya nusu ya siku, na alama yake itashuka. Dawa ni kuhesabu: "zaidi ya siku saba katika hizo kumi na nne". Kadhalika "siku kadhaa" ni maneno yasiyo na mpaka. Kwa mmoja ni tatu, kwa mwingine ni kumi.

Mtego wa pili ni hamu. Swali la kwanza huuliza kama mtu amepoteza hamu ya kufanya mambo. Katika Kiswahili hamu isiyotajiwa jambo lake hukimbilia chakula au kitanda. Na iandikwe "hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda", na muuliza swali awe tayari kutoa mfano: kwaya, ngoma, mpira, maulidi, kusukana nywele na jirani.

Wa tatu ni nguvu. Mwanamume akiulizwa kama amekosa nguvu, mbele ya muuguzi aliye rika la binti yake, atakana upesi, maana amesikia nguvu za kiume. "Mwili kuchoka hata bila kazi" hakumtii mtu aibu.

Wa nne ni usingizi. Kulala katika Kiswahili ni kujinyosha, ni kusinzia, na ni kupitisha usiku mahali. Mtu anaweza kulala saa nane asipate usingizi hata saa mbili. Basi tuulize habari za kupata usingizi, na tukumbuke kuuliza pia habari za kuzidiwa nao, kwa sababu swali lenyewe linazitaka pande zote mbili.

Wa tano ni mfano wa gazeti na televisheni, uliotolewa katika swali linalohusu kutuliza fikira juu ya jambo moja. Mfano huo unapima mazoea ya msomaji wa mjini. Mwanamke wa kijijini asiyesoma gazeti atajibu kwamba hana tabu, na kweli hana tabu na gazeti. Muulize kama anapoteza hesabu ya chenji, kama anaunguza chakula kwa kusahau, kama mazungumzo humpita. Huku si kuiharibu hojaji, bali ni kuifasiri.

Mtego wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote. Swali la tisa huuliza kama mtu amewaza kwamba ingekuwa heri afe, au amewaza kujidhuru. Hapa mfasiri mwenye haya huvutwa kulainisha, akaandika "mawazo mabaya". Mawazo mabaya ni ya kila mtu: hasira, wivu, tamaa ya mali ya jirani. Swali lililolainishwa hivyo halimtambui aliye hatarini. Mwingine huandika "kujinyonga", ambayo ni njia moja tu miongoni mwa njia nyingi, na aliyewaza kunywa sumu ya mimea atajibu hapana kwa ukweli kabisa. Tena kuna usemi wa barabarani wa "bora nife", unaotolewa na mtu aliyechoshwa na daladala. Kwa hiyo maswali yatenganishwe: kwanza kutamani kufa, kisha kuwaza kujiua, kisha, akikubali, kama amepanga namna ya kufanya.

Wapo wanaohofu kwamba kuuliza ni kupanda mbegu. Hofu hiyo haina msingi. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, na aghalabu aliyekuwa nalo hupata nafuu kwa kuulizwa. Ila namna ya kuuliza ina adabu yake. Hojaji imeandikwa kwa "wewe" mkavu. Muuguzi kijana mbele ya mzee hawezi kuanza hivyo. Tuseme anasema: "Mzee wangu, watu wengi waliofikwa na mashaka kama haya hufika mahali wakaona kuishi ni mzigo. Je, nawe umefika hapo?" Huenda mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Mwanangu, nimefika." Kutokana na jibu hilo swali la pili linaweza kuulizwa wazi, kwa neno lake kamili la kujiua. Heshima haikupunguza uwazi, imeufungulia njia.

NENO LA MGONJWA

Kwa muda mrefu kazi ya wafasiri imekuwa kuchukua orodha ya nje na kuitafutia maneno ya ndani. Iko njia nyingine, nayo imekwisha kujaribiwa karibu nasi. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Sylvia Kaaya wa Muhimbili walichapisha matokeo ya hojaji ya dalili iliyopewa jina la Dar es Salaam, yenye vipengele 19, ambayo ilijengwa hapa hapa kwa ajili ya kutambua sonona. Nchini Zimbabwe hojaji ya Kishona yenye maswali 14 ilitangazwa mwaka 1997. Ndani yake lilipewa nafasi neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Neno hilo la Kibantu limeingizwa pia katika kitabu cha Marekani cha uainishaji wa maradhi ya akili cha mwaka 2013. Tangu mwaka 2006 mpango wa Dixon Chibanda wa Harare umewaketisha wagonjwa katika mabenchi nje ya zahanati, wakizungumza na akina bibi waliofunzwa kazi hiyo. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Mtu wa Harare anayefungisisa na mtu wa Tandale mwenye mawazo ni ndugu. Hata hivyo Kiswahili hakijalipa neno mawazo nafasi ya heshima katika fomu ya zahanati. Limeachwa nje kwa kuwa si istilahi. Sisi tunaona kinyume. Si istilahi, na ndiyo sababu lina kazi: ni neno la kuanzia, ambalo tabibu akilisikia lazima aulize zaidi. Kosa si kulitumia. Kosa ni kulifanya jina la ugonjwa na kuishia hapo.

LUGHA YA TIBA

Istilahi zikikaa sawa katika kutambua, bado zinaweza kupotoka katika kutibu. Tutataja mbili.

Ya kwanza ni ushauri nasaha. Sehemu zake zote mbili zina maana ya mwenye hekima kumwambia asiye nayo la kufanya. Muuguzi aliyelisikia neno hilo huanza kushauri: jikaze, sali, sahau, wenzako wana makubwa zaidi. Lakini tiba ya mazungumzo inayokusudiwa ni kumsikiliza mtu, kumsaidia aipange mizigo yake, achague mmoja, na ajaribu hatua moja ndogo. Kwa sonona nyepesi mwongozo unataka tiba ya namna hiyo itangulie dawa. Tunapendekeza kwamba kazi hii iitwe tiba ya mazungumzo, na ushauri nasaha ubaki kwa mambo yanayotaka ushauri kweli.

Ya pili ni majina ya dawa. Amitriptilini huleta usingizi, na ni rahisi kumwambia mgonjwa kwamba ni dawa ya usingizi. Anayeambiwa hivyo ataimeza usiku ule tu aliokosa usingizi. Kumbe dawa hizi, ikiwamo fluoksetini, hutaka kumezwa kila siku, huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na baada ya mtu kupata nafuu huendelezwa kwa miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa polepole kwa muda usiopungua majuma manne. Jina "dawa ya sonona" ni refu kwa maneno mawili ya maelezo, lakini ndilo linaloyabeba maagizo hayo. Jina la mkato limekwisha kumwambia mgonjwa lini aache.

HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Hoja yetu ni moja. Jina la ugonjwa na swali la kuutambua ni vitu viwili, na havifasiriwi kwa kanuni moja. Jina hutaka usanifu: liwe moja, lisibadilike kutoka daftari hadi daftari, ili takwimu za wilaya mbili ziweze kulinganishwa. Swali hutaka masikio: liwe katika maneno ya anayeulizwa, hata yakitofautiana Pemba na Songea, mradi linauliza jambo lile lile. Mfasiri anayesanifisha swali humnyamazisha mgonjwa, naye anayeliachia jina hulivuruga daftari. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Sonona ibaki kuwa jina sanifu la ugonjwa katika madaftari, miongozo na mafunzo. Msongo utumike kwa mzigo unaombana mtu. Huzuni kwa hisia. Wasiwasi kwa hofu isiyotulia. Maneno haya yasibadilishane nafasi kwa ajili ya kupamba mtindo.

(b) Sonona isitangazwe kwa mgonjwa kabla ya maelezo, wala isiandikwe pekee hadharani, kwa sababu ya kufanana kwake na kisonono.

(c) Kila tafsiri ya hojaji ifasiriwe tena na mtu mwingine asiyeiona asili, kisha isomwe kwa sauti mbele ya watu wasiojua fani, nao waeleze kwa maneno yao walichokisikia. Asiyeweza kulieleza swali ametuonyesha kosa la mfasiri, si ujinga wake.

(d) Swali linalohusu kujiua lisilainishwe katika tafsiri yoyote, na liandikiwe utangulizi wa adabu unaoweza kutamkwa na kijana mbele ya mkubwa wake.

(e) Walimu wa vyuo vya uuguzi na utabibu wawafundishe wanafunzi orodha mbili: maneno ya kuandika na maneno ya kusikia.

Wasomaji wetu walio katika ofisi za wilaya na katika vyuo wanayasikia maneno ya wagonjwa kuliko tunavyoyasikia sisi. Tunawaomba watuletee wanayoyasikia kwa lahaja za mahali pao, yakiwa yameandikwa kama yalivyotamkwa, pamoja na maelezo ya nani aliyatamka kwa nani: mama kwa muuguzi, kijana kwa tabibu, bibi kwa mjukuu. Orodha ya maneno ya kusikia haiwezi kutungwa mezani.